Mkandaa, Kikandaa na Mguu wa Mzee Shomari

Ninyi mnaoingia maabara siku hizi na glavu za rangi mnayoipenda, nianze kwa kuwauliza swali la kitoto. Nani kati yenu hajawahi kula bibo likamkaba? Hapa Kibiti hayupo. Unalifyonza, tamu kweli, halafu ulimi unakunjamana, mdomo unakauka, na mtu akikuita unaitikia kwa kichwa. Ule ndio ukakasi. Wengine wamelishwa na bahari, wengine na korosho zenyewe. Mimi Tatu nimelishwa na ukakasi mpaka nikastaafu, na sina malalamiko.

Nilikuwa fundi sanifu wa maabara katika kituo kidogo cha utafiti hapa Kibiti. Watu walipouliza tunafanya nini mle ndani, nilikuwa nikiwajibu kwa chai. Chemsha chai ya rangi, isahau jikoni, halafu inywe: inakwaruza koo. Tia maziwa, inatulia. Kwa nini? Kwa sababu ukakasi unapenda kushikana na protini. Usipopata ya maziwa, unakamata ile ya mate yako, ndiyo maana ulimi unakauka. Vitu vya mimea vinavyoleta ukakasi huo wasomi huviita polifenoli, na hakuna mahali vimejaa kama kwenye magome ya mikoko ya delta yetu.

Sasa, ngozi ya ng'ombe ina protini yake iitwayo kolajeni. Tulikuwa tukiichukua ngozi machinjioni Ikwiriri, tukaisafisha, tukaitoa hiyo kolajeni, tukaigandisha na kuikausha mpaka ikawa sponji nyeupe yenye vitundu vidogo. Ukiilowesha hivyo hivyo inalegea na kuyeyuka. Lakini ukiipitisha kwanza kwenye maji ya magome, nyuzi zake zinashikana na sponji inasimama imara. Ndani ya vitundu hivyo tunaweka seli hai za ngozi. Zikikubali, zinakaa, zinanyooka, zinazaana. Tumaini letu lilikuwa kwamba siku moja kipande kama hicho kiwekwe juu ya jeraha la mtu aliyeungua moto, mwili wake upate pa kushika na kujenga ngozi mpya.

Mkuu wetu alikuwa Dokta Elineema, mama wa Kipare kutoka Same, mwembamba, mwenye sauti ndogo na macho yasiyosahau. Siku zangu za kwanza alinituma kukatakata magome. Nikachukua panga la shambani, lina kutu kidogo, nikaona kutu haina neno, maana nyumbani ndilo tunalokatia muhogo. Nikaloweka. Baada ya kula nikarudi nikakuta maji yamekuwa meusi tititi. Nikadhani nimerogwa. Dokta hakunigombeza. Alichovya kijiti kwenye yale maji, akaandika kwenye karatasi: TATU, CHUMA HAPANA. Maandishi yakakauka yakawa meusi kama ya kalamu ya dukani. Ukakasi ukikutana na chuma hutoa wino, akaniambia, na wino si chakula cha seli. Ile karatasi aliibandika ukutani, na kila mgeni aliyekuja alinisomea jina langu. Tangu hapo natumia kisu kisichoshika kutu, chombo cha kioo, na maji yaliyochujwa, kwa sababu hata maji ya kisima chetu yana chuma. Nanyi fanyeni hivyo, msisubiri kubandikwa ukutani.

Jambo la pili alilonifunza ni kusuuza. Sponji ikitoka kwenye maji ya magome, kuna ukakasi ulioshikana na kuna ulioning'inia tu, haujapata wa kumshika. Huo unaoning'inia ndio balaa. Ukiuacha utatoka baadaye uende kukamata protini za seli zenyewe, na seli zitakufa zikikutazama. Kwa hiyo unasuuza. Unamwaga, unasuuza tena. Nimewaona vijana wazuri, wenye vyeti vinavyong'aa, wakishindwa kazi hii kwa sababu hakuna anayepigiwa makofi kwa kusuuza. Mimi nikiona mtu anaharakisha kusuuza, mpaka leo kichwa kinaniuma.

Magome tulikuwa tukiletewa na Mzee Shomari, mkata boriti mwenye kibali, mtu wa visiwa vya delta. Mkoko haukatwi hovyo, mnajua. Sisi hatukuangusha mti hata mmoja. Tulichukua magome ya boriti zilizokwisha kukatwa kwa ruhusa, ambayo zamani yaliachwa kwenye tope. Mzee Shomari aliyamenya yangali mabichi, akayaanika kivulini, akavuka nayo mpaka Nyamisati, na kutoka hapo yakaja Kibiti kwa gari. Alikuwa mrefu, anacheka kwa pua, na maneno yake mengi yalianza na "miye". Mimi ni Mndengereko wa huku juu, wa mihogo na mikorosho. Mikoko nilikuwa naijua kwa nguzo za nyumba tu. Yeye aliniita mwanangu toka siku ya kwanza, nami nikamwita baba, na nilimpenda kama baba.

Siku moja akaja kituoni mwenyewe, anachechemea. Alikuwa amechomwa unyayo na mzizi wa mchu, ile mizizi inayosimama topeni kama misumari. Wakata mikoko wote huchomwa, wanafunga kitambaa na kuendelea. Kidonda chake kilikuwa hakijafunga tangu kabla ya mfungo, na sasa tulikuwa tumeshakula Idi. Dokta alikuwa Dar es Salaam kwenye mkutano. Nilikuwa peke yangu, na mezani kulikuwa na sponji mpya, nimetoka kuisuuza na kuikausha, imepata rangi ya udongo uliofifia. Nzuri kweli. Ilikuwa bado haijakutana na seli hata moja.

Mzee Shomari akaitazama.

"Mwanangu, ndo yenyewe hiyo?"

"Ndiyo yenyewe, baba."

"Na magome ni yangu?"

"Magome yako, na ng'ombe wa Ikwiriri."

"Kachinjwa huyo ng'ombe? Isije ikawa mambo ya nguruwe."

"Kachinjwa kwa bismillahi, baba. Nilikuwepo."

"Basi nikatie kipande." Akakaa kwenye kiti, akaufungua ule mguu. Harufu ilinifikia kabla sijauona. "Sitaki kikubwa. Sawa na kiganja tu. Miye kazi yangu topeni, mwanangu. Huno mguu ukenda, miye nimekwenda."

Vijana, nitawaambia ukweli wangu. Mkasi ulikuwa pale pale. Mlango ulikuwa umefungwa. Huyu hakuwa mgonjwa wa kusomwa kitabuni. Huyu ndiye aliyemenya yale magome kwa mvua na jua. Moyo wangu ulisema mkatie, na mkono ulishafika kwenye mkasi.

"Hapana, baba," nikasema.

Alidhani hajanisikia vizuri. "Waninyima?"

"Sijui kitakufanya nini."

"Weye si ndo umekitengeneza?"

"Kukitengeneza nimekitengeneza. Kukijua bado."

 Halafu akaanza kuufunga mguu wake, taratibu, akiupitisha mtandio mkukuu wa mkewe chini ya kisigino. Alipomaliza akasimama akashika mlango.

"Haya, Daktari," akasema. "Ahsante."

Mimi si daktari, na yeye alilijua hilo vizuri kuliko mtu yeyote. Angenitukana ningevumilia. Lile "Daktari" lilinitoa katika watoto wake, likaniweka upande wa pili wa meza, na machozi yakanitoka pale pale mbele yake bila aibu.

Lakini kulia hakuponyi mguu. Nikamwambia gari la kituo lipo, twende hospitali. Akasema hospitali kwa mwiba tu, ataonekana mtoto. Nikambembeleza, akakataa. Nikamkumbusha utu uzima wake, akakataa. Ndipo nikachukua simu nikampigia mkewe, Bi Hadija, nikamweleza ninachokinusa. Sikumsikia Bi Hadija alimwambia nini mumewe, maana mzee alichukua simu akageukia ukutani, lakini alipoirudisha aliingia garini. Mtu aweza kubishana na kiboko akashinda. Na Bi Hadija sijasikia.

Hospitalini walimpima, wakakuta sukari imepanda vibaya, na yeye wala hakujua kama anayo. Ndiyo iliyokuwa ikizuia kidonda kufunga. Juu kilionekana kidogo, ndani kilikuwa kimechimba, kina usaha, kinaelekea mfupani. Muuguzi aliyekisafisha aliniita pembeni. "Mama," akaniambia, "hiki mngekifunika na chochote, saa hii tungekuwa tunaongea habari za kukata mguu."  Nilikiona kile kipande cha sawa na kiganja, jinsi ambavyo kingekaa vizuri juu ya ule uoza, kimeufungia ndani, na sote wawili tukifurahi.

Alilazwa. Kidole cha mwisho walikitoa, mguu ukabaki. Nilikuwa nikienda kumwona na uji wa dona usio na sukari, akinywa, akisema "ahsante, Daktari", na kugeukia upande wa pili. Bi Hadija alinifinya mkono akasema atakoma tu. Hakukoma upesi. Aliporuhusiwa kurudi kwao akaanza kututumia magome kupitia watu wengine, hata salamu hakuna. Kazi ilikuwa ile ile, mshahara ule ule, lakini nilikuwa nakwenda kazini nikiwa mzito.

Kumbe na ile sponji nayo ilikuwa na mambo yake. Dokta aliporudi tukaiwekea seli. Mnajua seli zenye afya, zinajinyoosha, zinashika mahali pake, maji yake ya chakula yanabadilika rangi taratibu kwa sababu zinakula. Hizi zilijikunja zikawa viduara, zikaachia, zikaelea. Zimekufa zote. Tukarudia, zikafa tena. Dokta akaniuliza nimesuuza vipi. Nilikasirika, nikamwonyesha nilivyosuuza, naye akasimama akitazama mpaka mwisho, kisha akasema, "Suuza yako haina kosa, Tatu. Tuanze nyuma zaidi."

Nyuma zaidi ni kwenye gunia. Magome ya gunia lile nilikuwa nimeyaagiza kwa namna ya pekee. Yale ya kawaida, ya mkoko uitwao mkandaa, yalikuwa manene, yanasumbua kinu chetu. Nikaona miti michanga itakuwa na gome jembamba, laini. Basi nikampigia Mzee Shomari, zile siku tulipokuwa tunapatana, nikamwambia kwa madeko ya mtoto: "Baba, safari hii usiniletee yale manene. Niletee kikandaa tu." Kwetu kitu kidogo si tunakiwekea ki? Mtoto kitoto, mti kijiti, mkandaa kikandaa. Na nilipoona maji yametoka na wekundu hafifu kuliko kawaida, nikajiambia ndiyo uchanga huo.

Nikavuka kumfuata kwao. Nilimkuta amekaa kibarazani, mguu juu ya kigoda, amevaa soksi moja. Nikamwamkia, akaitikia marahaba bila kunitazama. Nikamuuliza kuhusu lile gunia.

"Uliagiza kikandaa, nikakuletea kikandaa."

"Mkandaa mdogo, si ndiyo?"

Akageuka. "Mkandaa mdogo ni mkandaa. Kikandaa ni kikandaa."

"Baba, sikuelewi."

"Mti mwingine, Tatu! Una jani lake, una ua lake jeupe, unaota kule juu maji yasipofika kila siku. Jina ndo umezaliwa nalo. Miye mwenyewe nilishangaa. Nikasema, wasomi hawa wana lao, wacha nikawatafutie. Nimezunguka nao huko mpaka mgongo ukaniuma!"

Tukatazamana. Sijui nani alianza kucheka. Nakumbuka Bi Hadija akitoka jikoni na mwiko mkononi kuuliza kuna msiba gani, na sisi tunashindwa kumjibu, yeye anacheka kwa pua, mimi nimeegemea nguzo. Mswahili mzima, nimeangushwa na herufi mbili za lugha yangu mwenyewe.

Msije mkasema Bi Tatu kasema kikandaa ni sumu. Sijasema. Vipimo vyetu vyote, kiasi cha magome, muda wa kuloweka, namna ya kusuuza, vilikuwa vimepangwa kwa ukakasi wa mkandaa. Mti mwingine una ukakasi mwingine, unashika vingine, unaachia vingine. Huenda kikandaa kikipimwa kwa haki yake kikafaa. Hiyo kazi nawaachia ninyi, mimi magoti yangu yamekataa.

Tulipomaliza kucheka akaniuliza.

"Ile niliyokuomba siku ile. Ilikuwa ya gunia lipi?"

"Ya hilo hilo, baba."

"Na hizo seli zenu zilizowekwa humo?"

"Zilikufa zote."

Akautazama mguu wake uliovaa soksi. Halafu akamwambia mkewe, "Hadija, mletee mwanangu chai." Sijawahi kunywa chai tamu kama ile, ingawa kwenye nyumba ile sukari ilikuwa imeshapigwa marufuku.

Baada ya hapo mambo mengi yalibadilika. Tukaanza kuyapima magome kwa mashine kila gunia kabla ya kuyatia kazini, hatukuamini tena rangi wala jina. Likaja friji la kukaushia, sponji ikawa na vitundu vya kulingana, kazi iliyotuchosha mikono ikawa ya kubonyeza kitufe. Mashine ikiharibika mnakaa kusubiri fundi kutoka Dar es Salaam, na wakati huo mimi nawaonyesha vijana namna tulivyofanya zamani, wananitazama kama nimetoka kwenye makumbusho. Nafurahi hivyo hivyo. Kitu kizuri kikipata njia rahisi, kuna ubaya gani?

Mwaka wangu wa mwisho kazini, kamati ya maadili ilituruhusu kufika kwa watu. Si kwenye majeraha, bado. Ilikuwa kipande kidogo juu ya ngozi nzima ya mkono, kwa watu wazima wenye afya waliokubali kwa hiari yao, kuona tu kama kitawasha au kuvimbisha. Tulikuwa tumeeleza mtaani, tumeeleza msikitini na kanisani. Siku yenyewe watu wakaja, lakini wakasimama uwanjani mbali na mlango. Maneno yalikuwa yameshatembea. Wanafuga ngozi za watu mle. Ni mumiani, wamebadilisha jina tu. Dokta Elineema alikuwa amekaa ndani na karatasi zake, mikono imetulia mezani, lakini nilimjua, alikuwa amevunjika moyo. Hao watu wakirudi nyumbani, kazi ya maisha yake ilikuwa inaishia pale mlangoni, na yangu pamoja nayo.

Mara Mzee Shomari akapita katikati yao na fimbo yake. Alikuwa amevaa kanzu safi na kofia. Akaingia, akakaa, akakunja mkono wa kanzu mpaka kwenye kiwiko, akanyoosha mkono mezani. Uwanjani wote wakasogea kuchungulia.

Dokta akanitazama mimi. Masharti alikuwa ameyaandika yeye, na mimi nilikuwa nayajua. Mwenye sukari haruhusiwi. Nikamtazama yule mzee aliyevuka maji kuja kutuokoa, mbele ya watu wote waliokuwa wakisubiri kisingizio.

"Hapana, baba," nikasema. "Una sukari."

Dada mmoja muuza maandazi, aliyekuwa mbele kuliko wenzake, akapaza sauti: "Mnaona? Mbona mzee wa watu mnamkataa? Kuna nini humo?"

Mzee Shomari akaushusha mkono wa kanzu yake taratibu, akasimama, akamgeukia.

"Hunijui, mwanangu, na miye sikujui. Ila huyu Tatu namjua. Siku mguu wangu unaoza nilimwomba hino dawa yao nikamlilia, akanikatalia. Nikamnunia. Ingekuwa kanipa, leo nisingeingia hapa kwa miguu miwili. Na sasa nimekuja mwenyewe, nimevaa kanzu ya Idi, kanikatalia tena, mbele yenu. Mumiani gani huyo anayewafukuza watu?" Akacheka kwa pua. "Anayejua kusema hapana, siku akisema ndiyo, miye namwamini."

Akatoka, akaenda kukaa kwenye benchi la nje.

Yule dada alisimama kidogo, anamtazama mzee, ananitazama mimi. Kisha akaliweka chini deli lake la maandazi, akakunja mkono wa baibui, akakaa kwenye kile kiti. "Wewe Bi Tatu," akaniuliza, "mimi je, naruhusiwa?"

Nikampima sukari kwanza. Ilikuwa sawa. Nikamwambia ndiyo, na nje nikasikia watu wanaanza kupanga foleni.